Nilichokikata Pembeni mwa Luka ya Mzee Damiani

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Ninyi mliofanya kazi nami pale dukani mmenisikia nikilisema hilo mara ngapi sijui, na kila nilipolisema nilikuwa na haki. Nimefungua mgongo wa kitabu cha hati za shamba nikakuta ngozi ya nyoka imekunjwa vizuri kuliko karatasi zenyewe. Nimeletewa daftari la michango ya harusi lililotafunwa na mbuzi upande wa bwana harusi tu, upande wa bibi harusi salama. Nimetengeneza kitabu cha dua cha marehemu fulani, ndani yake zimo barua za mwanamke ambaye si mjane wake, na nimezirudisha mahali pake nikashona juu yake bila kukohoa. Kwa hiyo mtu akiniambia, “Fundi Salum, leo utashangaa,” nilikuwa nacheka kabla hajamaliza.

Sasa nimestaafu. Hamsini na saba si uzee, ila kidole gumba cha mkono wa kulia hakikunjiki tena, na mfunga vitabu asiye na gumba ni mtazamaji tu. Sitawaeleza nilivyopata duka la pili na la tatu, wala nyumba. Hayo mnayaona kwa macho. Niliishia darasa la nne, na watu wenye shahada zao wamekaa kwenye benchi langu wakingoja zamu kama watoto wa kliniki. Inatosha. Nataka kuwaandikia kazi yenyewe, na jambo moja lililonipata ndani yake, maana mnalisikia nusunusu kwa watu na kila mtu analiongezea chumvi yake.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na saba, kwa Maalim Zubeir, chumba kimoja nyuma ya soko hapa Bagamoyo. Alikuwa akifunga misahafu, vitabu vya dua, vya maulidi, na madaftari ya wenye maduka. Siku ya kwanza alinipa mfupa wa mbuzi uliosuguliwa mpaka ukang'aa, akaniambia nikunje karatasi. Nilikunja kutwa nzima. Jioni alizichukua zote, akazikunjua moja moja, akazilaza. “Kesho utakunja tena,” akasema. Nikadhani ananionea. Baada ya wiki mbili nikaelewa kwamba karatasi ina mwelekeo kama ubao: ukiikunja vibaya inakuchukia maisha yake yote, na kitabu hakifunguki kikalala.

Akanifundisha gundi. Unga wa ngano, maji, moto mdogo, na mrututu kidogo ili wadudu wasile. Uzi upitishe kwenye nta. Shona kwa kuvuta sambamba na karatasi, usivute juu, utachana. Kitabu kibane kwenye jiliwa usiku mzima, hata kama mteja ni mkuu wa wilaya na gari linanguruma nje. Hayo yote mnayajua, nimewapigia kelele nayo.

Lakini kuna somo moja ambalo sikuwapigia kelele vya kutosha. Mwezi wa tatu Maalim aliletewa kitabu cha kale cha dua, kimeandikwa kwa mkono, kingo zake zimechakaa. Nikachukua kisu kipana nizinyooshe. Alinipiga kwenye vifundo vya vidole kwa ule ule mfupa wa mbuzi.

“Soma hapo pembeni,” akasema.

“Sijui kusoma mwandiko huo, Maalim.”

“Hujui kusoma, na unataka kukata.”

Akanionyesha. Pembeni mwa ukurasa palikuwa na maneno madogo yamelala kiupande, na katikati ya mstari palikuwa na kialama. Akanieleza kwamba mwandishi ni binadamu. Akinakili, jicho linaruka. Akija kugundua ameruka maneno, hawezi kuyachomeka katikati kwa sababu hakuna nafasi, basi anayaandika pembeni na kuweka alama ya kuonyesha yanaingia wapi. “Pembeni ndiko mwandishi anakotubia,” akasema Maalim. “Ukikata pembeni, umemnyang'anya mtu toba yake.”

Nikaitikia ndiyo Maalim. Nilidhani nimeelewa.

Maalim alipofariki, Mungu amrehemu, nilibaki peke yangu, na sikumwangusha. Nilinunua mashine ya kukatia karatasi, ile ya chuma yenye mkono kama wa pampu ya kisima. Hapa mjini hakuna aliyekuwa nayo. Kitabu kikitoka pale, ukipitisha kidole ukingoni ni kama unapapasa kioo. Watu walikuja kutoka Msata, kutoka Chalinze, walikuja hata kutoka Dar es Salaam ambako maduka yamejaa. Nikaandikisha ukutani kwa rangi nyekundu: KINGO ZA SALUM, PIMA KWA UZI. Walipima.

Ndipo siku moja akaja mzee kutoka Miono, amekumbatia mfuko wa mbolea. Amevaa koti juu ya koti, na macho yake yameingia ukungu wa mtoto wa jicho, kwa hiyo alikuwa akigeuza kichwa kama kuku ili anione.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Ndiye wewe fundi wa kingo?”

“Ndiye mwenyewe. Kutoka hapa mpaka Tanga hakuna mwingine.”

“Mimi sihitaji kingo,” akasema. “Nahitaji mgongo.”

Akatoa daftari kubwa la hesabu la maduka ya zamani, limeachia nyuzi zote. Jina lake Mzee Damiani, katekista wa huko kwao, yaani yule anayefundisha dini na kusoma mbele ya waumini siku padri hayupo. Ujanani alifundishwa na katekista mwingine, mzee kuliko yeye, aliyekuwa ameitia Injili ya Luka katika Kikwere, lugha ya kwao, kwenye karatasi zilizolegea. Mchwa wakaanza kuzila. Kabla hawajazimaliza, Damiani akanunua daftari, akakaa masika mbili akinakili yote kwa mkono. Zile karatasi hazipo tena. Sasa macho yanamfifia, vijana wanataka kunakili wasome, na daftari linaanguka vipande vipande mikononi mwao.

“Usikate sana, fundi,” akaniambia akiwa mlangoni. “Pembeni nimeandikaandika.”

“Mzee, kazi niachie mimi.”

Nilipolifungua nikaona pembeni kweli kumejaa: kalamu ya risasi, wino wa bluu, nyota nyota, vishale. Nawaambia nilichofikiri, na sikipambi. Kwenye kitabu chenye herufi za Kiarabu nisingethubutu, mkono ungekufa ganzi. Lakini hili lilikuwa daftari la duka, herufi za shuleni, lugha ya shamba. Nikasema moyoni, hawa nao wana elimu gani ya pembeni? Huu ni uchafu wa mzee asiyeona. Tena nikaongeza, na nililiamini tangu utoto kwa kusikia barazani, kwamba Injili yao ilishabadilishwa zamani za kale. Nikikata upana wa ukucha tu, nitaiharibu mara ngapi?

Nikaweka daftari kwenye mashine, nikavuta mkono.

Vipande vyembamba vikaanguka chini. Nilipoinama kuvizoa niliona kwenye kimoja jina la Mwenyezi Mungu, kwa Kikwere lakini linafahamika. Karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jalalani, hilo hata mtoto wa madrasa anajua. Mgongo wa daftari ulikuwa unahitaji kukazwa kwa karatasi, basi nikavilaza humo vyote, nikapaka gundi, nikafunika kwa kitambaa. Nikasahau.

Mzee Damiani alirudi baada ya wiki. Hakuona, alipapasa. Alipitisha kidole ukingoni mara mbili. “Kimekuwa laini,” akasema, akalipa, akaenda kutafuta gari la Msata.

Misimu kadhaa ya mananasi ikapita. Asubuhi moja nikiwa nachemsha gundi, akaingia mama mmoja wa makamo, miwani, viatu vya kutembelea. Akanisalimia vizuri, akajitambulisha: Mwalimu Perpetua, anafundisha kwenye chuo kimoja cha dini huko bara, na kazi yake ni kulinganisha maandiko ya kale. Akaweka vitabu vitatu kwenye benchi. Kimoja nilikitambua kabla hajakifunua kitambaa.

“Hiki ulikifunga wewe, Fundi?”

“Mwalimu, hata kipofu anaijua kazi yangu.”

“Kipofu ndiye aliyenileta kwako,” akasema. “Nataka kujua kisu chako kiliingia kiasi gani.”

Nikacheka, kwa sababu sikumwelewa. Akanieleza taratibu. Watu wa Miono wanataka kuipiga chapa ile Luka ya Kikwere. Yeye kaombwa aikague. Akakusanya nakala. Daftari la Mzee Damiani ndilo hili. Daftari la pili linatoka Msata, limenakiliwa kutoka kwa la mzee. La tatu linatoka Saadani, kwa mwanamke mmoja wa Miono aliyeolewa huko, mpishi wa wageni wa hifadhi. Huyu wa Saadani ana maneno ambayo hayamo katika hayo mawili. Ni pale Nabii Isa, wao wanamwita Yesu, yuko msalabani na anawaombea msamaha waliomtundika.

“Basi huyo mpishi kaongeza chumvi,” nikasema. “Ndiyo kazi yake.”

Hakucheka. “Watu wa Miono hawasemi hivyo. Wanasema mzee ameyaruka makusudi.”

Mzee Damiani, akanieleza, ana mdogo wake, Anselmi. Wamegombania mpaka wa shamba la mananasi mpaka hawasalimiani. Siku moja kijana aliyekuwa akisoma kanisani kutoka kwenye lile daftari alifika pale, maneno ya msamaha hayapo, mmoja akanong'ona, wa pili akasema kwa sauti: kumbe mzee hataki kumsamehe ndugu yake hata katika Injili, ameifyeka! Maneno yakatembea. Kamati ikamwondoa kusoma na kufundisha. Uchapaji ukasimama. Mtu aliyekaa masika mbili kuiokoa kazi ya mwalimu wake ameitwa mwongo wa maandiko, na haoni hata kulisoma daftari ajitetee.

“Pole yake,” nikasema. Halafu ulimi wangu, nyie mnaujua, ukaendelea peke yake. “Lakini Mwalimu, usikasirike. Vitabu vyenu si vilishabadilishwa tangu zamani? Kila mtu anajua.”

Nilitegemea akasirike. Alivuta kigoda akakaa. “Vilibadilishwa na nani, Fundi?”

“Wakubwa. Wafalme. Watu wa njama.”

“Nimekaa na nakala za kale nusu ya maisha yangu. Watu wa njama nimekutana nao wachache. Watu waliochoka nimekutana nao wengi. Mistari miwili inaishia kwa neno moja, jicho linaruka la kwanza linatua la pili, katikati pamepotea. Mwingine anakuta maelezo pembeni, anadhani ni sehemu ya kitabu, anayaingiza ndani. Mwingine amezoea kusikia neno fulani kanisani, analiandika kabla ya kutazama.”

“Si mnatazama tu ile aliyoandika Luka mwenyewe?”

“Haipo.”

“Haipo wapi?”

“Popote. Hakuna kitabu hata kimoja cha Biblia ambacho karatasi ya mwandishi wake wa kwanza imebaki. Tuna nakala, na nakala za nakala.”

Vijana, nilisahau hata kukoroga gundi. Nilidhani jambo kama hilo, kama ni kweli, lingekuwa siri ya kuzikwa chini ya madhabahu. Huyu analisema dukani kwangu, sufuria ya gundi inachemka.

“Na hilo mnawaambia watu?”

“Nalifundisha Jumatatu na Jumatano.”

“Na nakala zenyewe zinafanana?”

“Za Kigiriki peke yake ziko maelfu. Nyingi ni tofauti ndogo za herufi na mpangilio wa maneno. Lakini zipo kubwa. Kuna kisa cha mwanamke waliyetaka kumpiga mawe. Katika nakala za kale zaidi hakimo. Mwisho wa Marko, vilevile.”

Nikapiga benchi. “Basi mmekwisha!”

“Tungekwisha kama tungekuwa na nakala moja tu,” akasema. “Wewe una mafundi wangapi? Wape barua moja wote wainakili, kisha uichome. Kila mmoja atakosea, lakini si mahali pamoja. Ukizilaza pamoja, barua yako utaipata karibu yote. Ukiwa na nakala moja tu, utalala usingizi mzuri na hutajua kama imekosewa.”

“Na wakikosea pamoja?”

“Swali zuri. Ndiyo maana hatuhesabu vichwa. Daftari la Msata linakubaliana na la Miono, lakini limezaliwa nalo, baada ya wewe kulifunga. Mtoto akirudia uongo wa mama yake, hao si mashahidi wawili. Huyu wa Saadani alinakili kabla daftari halijaletwa kwako. Ndiye shahidi wa pili.” Kisha akaongeza kitu kilichonimaliza: mstari huu huu wa msamaha, hata katika nakala za kale sana za Kigiriki, nyingine unao na nyingine hauna, na wenye kazi hiyo wanabishana mpaka leo kama uliongezwa au ulidondoshwa. Biblia nyingi zinazochapwa sasa zinaubakiza, na kuweka maelezo chini ya ukurasa kwamba baadhi ya nakala za kale hazina.

“Mtu anachapa shaka yake mwenyewe chini ya ukurasa, kila mtu aione?”

“Kila mtu aione. Kuna mahali pachache hatujui, tunasema hatujui.”

Mimi nimekuwa nikisikia tangu utoto kwamba hawa wameficha. Sijabadilisha dini, nawaambia mapema kabla hamjaanza kuuliza; mimi ni Mwislamu na nitazikwa Mwislamu. Lakini nilishtuka, kwa sababu niliyemdhania mfichaji alikuwa amekaa kwenye kigoda changu ananionyesha kila kilipochanika.

Hapo ndipo akalishika daftari la mzee, akalisimamisha kwenye mwanga wa dirisha, akanipa kioo chake cha kukuzia. “Mzee anaapa aliyaandika pembeni, hawamwamini. Tazama ukingo. Ukurasa huu.”

Nilitazama. Kingo zangu. Nyoofu kama uzi, kweli kabisa. Na pale ukingoni kabisa palikuwa na nusu ya nyota ya wino wa bluu. Chini ya nyota, vijimkia vya herufi, mkia wa moja, tumbo la nyingine, vimepangwa mstari mzima kuelekea chini, na vichwa vyake vimeondoka. Katikati ya ukurasa, mahali pa maneno ya msamaha, ipo nyota nyingine, nzima, inangoja mwenzake.

Alikuwa ameruka mstari. Akagundua. Akauandika pembeni, akaweka alama. Akatubia pembeni kama Maalim Zubeir alivyoniambia, na mimi nikaja na mashine yangu.

Nilihisi kama mtu aliyemwagiwa maji ya kisima akiwa usingizini. Miaka yote nikiwauliza watu barazani nani aliyeibadilisha Injili, na jibu linakaa ukutani kwangu kwa rangi nyekundu.

“Sikusudii kukuaibisha,” akasema Mwalimu Perpetua. “Nilitaka tu kuhakikisha kwamba ni kisu. Lakini nusu ya nyota haitawatosha kule. Watasema ni mchoro. Vipande ulivitupa, bila shaka.”

“Havitupwi,” nikasema. “Vina jina la Mungu.”

Alinyanyuka polepole. “Viko wapi?”

“Mgongoni. Humo humo.”

Alilishika daftari kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. “Unajua, Fundi, vipande vya maandiko ya kale vimepatikana mara nyingi ndani ya majalada na migongo ya vitabu vingine. Mafundi walikaza navyo. Nimeviona vingi. Lakini fundi aliyeviweka, akiwa hai, sijapata kumwona.”

Nikachukua kisu nifungue. Akanishika mkono. Tukifungulia hapa, akasema, watadai tumeviandika sisi. Lifunguliwe Miono, mbele yao, na aliyelifunga.

“Unataka nikaivunje kazi yangu mwenyewe mbele za watu?”

“Mimi sitaki kitu. Mimi gari langu la bara linaondoka kesho kutwa. Mzee Damiani ndiye asiyesoma tena.”

Sikulala vizuri, hilo mtalielewa. Nilijenga jina kwa miaka thelathini na kitu, na jina la fundi ni kama gundi ya ngano, likilowa linaachia. Lakini Jumapili tulipita Msata, tukafika Miono ibada inamalizika.

Waliweka meza nje, kivulini mwa ukuta wa kanisa. Watu wakazunguka. Mzee Damiani alikuwa amekaa kwenye benchi ya mwisho. Anselmi amesimama upande mwingine kabisa, mikono nyuma. Katibu wa kamati, mama mmoja mwenye sauti ya kengele, akanitazama kofia yangu.

“Haya! Leo Mwislamu kaja kutufundisha Injili!”

Wakacheka. “Mama, sikuja kufundisha,” nikasema. “Nimekuja kushtakiwa.”

Nikawaeleza: mashine, pembeni, ukucha, mgongo. Nilisema bila kuzunguka, kwa sababu ningezunguka ningerudi nyumbani. Nilipomaliza, sauti ikatoka kwenye benchi ya mwisho.

“Nilikwambia usikate sana.”

“Uliniambia, mzee.”

“Ukaniambia nikuachie kazi.”

“Nilikuambia hivyo.”

Nikaomba maji ya uvuguvugu na kitambaa. Hapa nisikilizeni, ninyi mlioko kwenye jiliwa sasa hivi, hii ni kazi. Nilikata kitambaa cha mgongo kwa wembe, nikalaza kitambaa chenye maji juu ya karatasi, nikangoja. Usikwangue. Gundi ya ngano inarudi kuwa uji ikipewa muda. Ningetumia ile gundi nyeupe ya dukani mnayoipenda kwa sababu inakauka haraka, tungetoa unga wa karatasi, na mzee yule angekufa na jina la chuki. Mrututu ulikuwa umefanya kazi yake, hakuna mdudu aliyegusa.

Kikatoka cha kwanza, tupu. Cha pili, hesabu za kurasa. Cha tatu kilikuwa na nusu ya nyota.

Mwalimu Perpetua alikichukua kwa vidole viwili, akakisogeza ukingoni mwa ukurasa wake, na vichwa vya herufi vikakaa juu ya mikia yake. Mama Katibu aliinama mpaka kilemba kikagusa meza. Akasema jina la Yesu kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikudhani anayo.

“Nani asome?” akauliza Mwalimu. “Mimi Kikwere changu ni cha vitabuni.”

Vijana wakatazamana, mwandiko ulikuwa mdogo, umelala, na gundi imeufifisha. Anselmi ndiye aliyesogea. Alisoma kwanza midomo ikicheza tu. Kisha akasoma kwa sauti, kwa Kikwere, polepole, mstari mzima wa kuwaombea msamaha. Mimi sijui Kikwere zaidi ya salamu, lakini nilisikia.

“Mwandiko wa kaka huu,” Anselmi akasema. “Hata herufi zake za kupinda ni zile zile alizokuwa akichapwa nazo shuleni.”

“Na mpaka wa mananasi uko palepale ulipokuwa,” akajibu Mzee Damiani kutoka kwenye benchi.

Watu wakaangua kicheko, na Anselmi naye, ingawa alicheka akitazama chini. Mama Katibu akaenda kumshika mzee mkono, akamwongoza mpaka mezani, akaweka kidole chake juu ya kile kipande kilicholowa. Mzee alikipapasa kidogo tu. Jumapili iliyofuata, nilipata habari, alirudishwa kufundisha. Kusoma anasomewa na kijana, na yeye anamsahihisha kwa kichwa.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Nilikusanya vifaa vyangu, nikamwendea, nikamwomba radhi kwa adabu zote, nikamshika mkono kwa mikono miwili. Akaniacha nimalize.

“Kukiri ni bure, fundi,” akasema. “Huyu mwalimu ameniambia kitabu kimoja hakijijui kama kimekosea. Basi nataka kumi. Vijana watanakili kwa mkono kabla hatujapiga chapa, kila mmoja peke yake, na wewe utatoa madaftari na utafunga. Kila kimoja kikae nyumba yake. Kimoja Saadani, kwa yule mpishi aliyenitetea bila kujua. Kimoja Msata, wakitupe chao chenye kasoro.”

“Wasikitupe,” akadakia Mwalimu Perpetua. “Hata chenye kasoro kinatuambia kitu.”

“Basi wakitunze. Na kimoja kwa huyu Anselmi, asije akasema nimemnyima. Pembeni acha vidole vinne. Na ile mashine yako ikae Bagamoyo.”

Nilivifunga vyote kumi kwa mkono, na hicho kilikuwa kitu cha mwisho kilichotoka kwenye gumba langu kabla halijagoma kabisa. Kingo zake zimechongokachongoka kama meno ya msumeno, na sitavikana: ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa, na atakayebisha aende Miono akavione. Madaftari, kitambaa, uzi, nta, unga, safari nne za Miono, moja ya Saadani kwa gari na pikipiki, pamoja na soda za vijana walionakili, nimevijumlisha mara mbili kwa sababu sikuamini: ukanda wa karatasi usiozidi upana wa ukucha umenigharimu shilingi laki tano, elfu thelathini na sita, na mia tano.